Nyumba Isiyoitikia Hodi

Nchi yetu ina jina zuri, tena refu, na ningependa kulitaja hapa mwanzoni ili msomaji ajue nazungumzia wapi. Bahati mbaya jina hilo lilihamishiwa mtandaoni pamoja na wimbo wa taifa na ramani, na kulifungua kunahitaji anwani ya makazi. Anwani yangu mimi, kwa sababu mtakazoziona, inazua mjadala. Kwa hiyo nitasema nchi yetu tu, na atakayeona inafanana na ya kwake, huo ubishi autafutie mwenyewe pa kuupeleka.

Naitwa Feruzi, mjumbe wa Bondeni. Mimi si mtu wa kulalamika. Wanaolalamika nawajua, nimewahi kuwataja panapohusika, na siku hizi sisikii tena kelele zao. Ninachotaka ni kueleza jinsi Serikali ilivyomfikishia mtandao kila mtu wa Bondeni bila kumwacha hata mmoja, maana kuna maneno yanazungushwa huko nje, na mengine si mazuri.

Mambo yalianza na hodi. Mnajua mila yetu. Mtu akienda kwa mwenzake hubisha hodi mlangoni, husubiri, hubisha ya pili, husubiri, hubisha ya tatu. Asipoitikiwa "karibu", hugeuza njia akarudi kwao, wala hachungulii dirishani. Hata mposaji, hata askari wa zamani wenye kaptula walifanya hivyo. Serikali yetu inazipenda mila, na ndiyo maana iliunda Idara ya Hodi ya Taifa.

Kabla ya hapo maofisa walipita nyumba kwa nyumba kuangalia nani anaishi wapi. Kazi ngumu! Viatu vikijaa tope, mbwa wakibweka, na mwenye nyumba akiwalazimisha chai. Idara ikaona aibu hiyo haifai. Ikaamua kubisha hodi kwa mtandao: simu inalia "Hodi!", mwenye nyumba anaiangalia mpaka imtambue sura, anabonyeza palipoandikwa "Karibu", na mtambo unajua nyumba ina watu. Asipoitikia, inakuja ya pili. Asipoitikia, inakuja ya tatu. Hapo ndipo Serikali iliporekebisha mila kidogo tu. Baada ya hodi ya tatu babu zetu walikuwa wakiondoka, lakini Serikali inaandika "nyumba tupu" na inaingia.

Uzinduzi kwa upande wetu ulifanyika kwenye uwanja wa mpira. Aliyekuja ni Mkurugenzi wa Idara mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mhandisi Zongo, mtu mnene wa sauti, mwembamba wa shingo. Walisimamisha kioo kikubwa cha kutuonyesha hotuba ya Kiongozi Mkuu moja kwa moja kutoka Ikulu. Juu ya kioo kikatokea kiduara kinachozunguka. Tulikitazama kile kiduara asubuhi nzima, tukakipigia makofi, na akina mama wakakipigia vigelegele. Kilipozimika, Mheshimiwa Zongo alisema hotuba ilikuwa nzuri sana na akatufafanulia.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo hakuna atakayeachwa nyuma! Nasema hakuna! Na ikiwa yupo aliye nyuma, basi huyo hayupo, na wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo!"

Tukapiga makofi. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa Bi. Sikudhani, mke wa Mzee Kombo, mwashi wetu wa zamani. Ni mama mfupi, mpole, lakini ana tabia ya kuuliza swali mpaka mwisho wake, na tabia hiyo imekwisha kuniletea kazi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema. "Huo mtandao huku kwetu haufiki."

"Marahaba, mama. Umetoa taarifa?"

"Nitoe wapi, baba?"

"Mtandaoni."

Bi. Sikudhani akawa kama anatafuta kitu ardhini. Mheshimiwa Zongo akatugeukia sisi wote kwa furaha.

"Mnaona? Mlimani wanatuletea malalamiko kila siku. Leo unakatika, kesho unasuasua, keshokutwa mbwa wao hawezi kutazama picha zake. Bondeni hatujapokea lalamiko hata moja! Hongereni sana. Kwa mujibu wa takwimu, hapa ndipo penye mtandao bora kuliko pote nchini."

Jamani, tulijivuna. Nilikabidhiwa siku hiyo simu janja ya umma, moja kwa Bondeni nzima, yenye ufa kidogo kiooni, nikaambiwa niitunze kama mboni ya jicho. Picha tuliyopigwa tukipeana mkono inapatikana mtandaoni.

Sasa niwaeleze Mlimani na Bondeni, mtu asije akadhani kuna upendeleo. Mlimani kila nyumba ina mtandao, na ndani ya nyumba kila kitu kina wa kwake: geti, jokofu, taa za bustani, kitanda cha mtoto. Hodi ikibishwa kule, kama wenyewe wako safarini, geti linaitikia. Nyumba nyingi za Mlimani hazina watu mwaka mzima, lakini hakuna hata moja iliyoandikwa tupu. Kuta zake nyingi zilijengwa na Mzee Kombo, enzi za nguvu zake, na husemwa kwamba ukuta wa Kombo hauruhusu hata sauti kupenya.

Bondeni nasi tunao. Msiniangalie hivyo, tunao! Ila uko makaburini. Ilitokea kwamba waziri mmoja, mzaliwa wa kwetu, aliusia azikwe kwao. Wakubwa wa Mlimani wakasema hawawezi kukaa maziko mazima bila mtandao, kuna mambo ya nchi yangeharibika, basi pakasimamishwa mnara mdogo kando ya kaburi la marehemu. Ulipimwa uwatoshe waombolezaji, ukatosha kweli, maana ukivuka ukuta wa makaburi hatua moja hupati kitu. Waziri akazikwa, wakubwa wakarudi, mnara ukabaki. Kwa hiyo maiti zetu walikuwa na mtandao miaka mingi kabla yetu, nasi hatukuwaonea wivu.

Basi ikawa kila zamu ya hodi naipandisha simu ya umma makaburini, watu wa Bondeni wakinifuata nyuma, wamevaa vizuri kwa sababu ya sura. Tulifundishana tusikanyage makaburi. Kila mwenye nyumba alikaa pale chini ya mnara, akaangalia simu, akabonyeza Karibu. Ulikuwa utaratibu mzuri, ila ulimtaka mwenye nyumba aende kwa miguu yake.

Wa kwanza kuonja sheria alikuwa Mwatatu, muuza maandazi. Zamu zote tatu zilimkuta kwa dada yake aliyejifungua, na aliporudi nyumba yake ilikuwa imeshaandikwa tupu. Maofisa walikuja kupima ukuta naye yupo uani, karai liko motoni. Wakawa wanampita kama mtu anavyopita nguzo. Mmoja akamwambia mwenzake, "Hapa hapana mtu, shika utepe huku." Mwatatu akacheka, akadhani ni utani, akawapa maandazi. Hawakuyapokea, kwa sababu mtu hapokei kitu kutoka kwa asiyekuwepo.

Idara ikanipa maelekezo ya mdomo kwamba kumsalimia asiyekuwepo ni kutoa taarifa za uongo. Nikawapitishia watu maelekezo kwa upole. Basi Mwatatu akawa anapita, "Hamjambo?", watu wanatazama miguu yao. Akaja kwangu. "Feruzi, mimi si nipo?" Nilikuwa nakunywa uji, nikaendelea na uji wangu. Baada ya muda tingatinga lilikuja, na maandazi hatukuyaona tena Bondeni. Alikokwenda sikujui. Na kwa kweli swali lenyewe halina msingi, maana huwezi kuuliza alikokwenda mtu ambaye hakuwepo.

Ikaja zamu ya Mzee Kombo.

Mzee Kombo alipigwa na kiharusi. Upande mmoja wote umelala, mkono, mguu, mdomo na jicho, na maneno yake hutoka nusu nusu, ingawa ya ukali hutoka mazima. Alikuwa hatoki kitandani. Nyumba ni yake, kaijenga kwa mikono yake jiwe juu ya jiwe wakati wa mapumziko ya kuwajengea wengine, na sura inayotakiwa na mtambo ni ya kwake. Hodi ya kwanza ilipita yuko kitandani. Ya pili ikapita yuko kitandani. Ilikuwa imebaki ya tatu, na Bondeni watu walianza kupunguza salamu mlangoni pake, wengine wakipitia njia ya nyuma.

Bi. Sikudhani akanijia. Alisimama nje akabisha hodi kama kawaida, nami nikamkaribisha, maana kisheria alikuwa bado yupo.

"Mjumbe," alisema, "mimi sitaki makubwa. Mume wangu ameniomba jambo moja. Anataka afie kwenye kitanda chake, chini ya paa lake. Basi. Hataki jingine duniani. Sasa wewe niambie, nifanye nini nitimize neno lake?"

Nikamwambia Serikali ina moyo, tutaomba Mlimani watuazime mtandao kidogo wa kuitikia hodi moja tu. Tulipanda pamoja. Nyumba ya kwanza tuliyoifikia ni ya Mheshimiwa Zongo mwenyewe, ukuta wa Kombo kuanzia msingi mpaka juu. Bi. Sikudhani akabisha hodi kwa mdomo.

"Sauti haijatambuliwa," geti likajibu. "Tafadhali bisha hodi kwa mtandao."

"Mwanangu, mtandao ndio tuliofuata," Bi. Sikudhani akaliambia geti kwa adabu. "Tunaomba utuazime."

"Maombi ya kuazimwa mtandao hupokelewa mtandaoni."

Kwa juu ya geti, kwenye roshani, mbwa wa Mheshimiwa alikuwa amejinyoosha mbele ya kioo akitazama picha za mbwa wengine. Alituangalia kidogo, akarudi kwenye kioo chake. Bi. Sikudhani akaweka kiganja ukutani, akakipitisha taratibu kwenye mawe aliyoyapanga mumewe. "Huu ukuta nilikuwa nauletea chakula cha mchana," alisema. Nikamwambia asiguse mali ya watu.

Tulipofika chini aliniuliza jeneza la msikitini liko wapi.

"La nini? Amefariki?"

"Hajafariki. Nani atambeba mtu mzima mgongoni mpaka makaburini? Kitanda hakipiti mlangoni. Jeneza limetengenezwa kwa kazi hiyohiyo."

Astaghfirullah! Lakini nilifikiri nikaona hakuna kanuni inayokataza, na hodi ya tatu ilikuwa kesho yake. Mzee Kombo alipoelezwa alisema kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi, "Nilijua nitapandishwa humo. Sikujua nitapandishwa kwa ajili ya nyumba." Tukamlaza, Bi. Sikudhani akamwekea mto na kumfunika shuka kwa sababu ya jua.

Tulitoka wanne tumelibeba. Mnajua desturi yetu: jeneza likipita njiani, mwanamume haulizi ni la nani. Anaacha alichokuwa akifanya, anaingia kwenye msafara, anapokea bega hatua chache, anampisha mwingine. Ndivyo ilivyokuwa. Kinyozi aliacha kichwa nusu, mwenye kichwa naye akaja na nusu yake. Mafundi baiskeli wakaja. Wauza mkaa wakaja. Kufika kwenye kilima Bondeni nzima ilikuwa nyuma yetu, watu wameinamisha vichwa, wengine wanalia bila kujua wanamlilia nani. Mwisho mmoja akaninong'oneza, "Mjumbe, marehemu ni nani?"

"Mimi, Kombo," likajibu jeneza. "Punguzeni mwendo, mnanitikisa."

Mtume! Waliokuwa mbele walikimbia, waliokuwa nyuma walikaa chini, na jeneza lilinusurika kwa sababu kinyozi alizimia chini yake akawa kama kigingi. Tulipoelewana, watu walicheka mpaka machozi. Sijawahi kuiona Bondeni ikicheka hivyo, na wala sijaiona tena.

Tukamweka chini ya mnara. Simu ikalia: "Hodi!" Nikamsogezea usoni.

"Tafadhali fungua macho yote mawili," simu ikasema.

Jicho moja la Mzee Kombo lilikuwa limelala pamoja na upande wake. Akajitahidi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Tafadhali fungua macho yote mawili." Bi. Sikudhani akapiga magoti, akaishika kope ya mumewe kwa kidole, akaiinua taratibu, huku akimwambia maneno ya chini kwa chini ambayo hayakuwa yetu. Simu ikafikiri. Kiduara kikazunguka.

"Karibu," alisema Mzee Kombo, na mkewe akambonyezea.

"Ahsante, Kombo. Makazi yako yametambuliwa."

Vigelegele! Makaburini! Mungu atusamehe. Watu walikumbatiana kwenye makaburi ya babu zao, na kwa kuwa wenye nyumba wote walikuwa wamekwisha kufika, tukaitikia zamu yetu hapohapo. Nikamalizia na mimi. "Ahsante, Feruzi. Makazi yako yametambuliwa." Tukamrudisha Mzee kwake akiwa amekaa ndani ya jeneza kama bwana harusi. Bi. Sikudhani alinishika mikono yote miwili akasema, "Mungu akulipe, mwanangu, mzee wangu atakufa kwake." Sina kawaida ya kulia, lakini siku ile vumbi lilikuwa jingi.

Asubuhi moja, si siku nyingi baadaye, tingatinga likashuka Bondeni. Mbele yake alikuja Mheshimiwa Dokta Mhandisi Zongo na vijana wake wenye fulana za Idara. Walisimama mbele ya nyumba ya Mzee Kombo. Hawakubisha hodi.

Nikakimbia nikiwa na kanzu upande. "Mheshimiwa, karibu sana. Lakini nyumba hii imeitikia! Nilisimamia mwenyewe."

"Imeitikia vizuri kabisa," alisema Mheshimiwa Zongo, akanipigapiga begani. "Hatuna ugomvi na Kombo. Ni raia mwema. Mtambo unaonyesha mahali alipoitikia, na mtu huitikia hodi nyumbani kwake. Sasa Kombo anaishi makaburini. Mkewe anaishi makaburini. Nyumba hii wameihama, kwa hiari yao, na tuna picha zao wakishangilia."

"Lakini Mheshimiwa, yumo ndani."

"Nani?"

Nikafungua mdomo. Kisha nikakumbuka maelekezo kuhusu kutoa taarifa za uongo, nikaufunga.

Bi. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye nguzo zote mbili. "Mheshimiwa! Nakusemesha! Mume wangu yumo humu, mgonjwa, amelala!" Vijana wa Idara wakanyoosha utepe, wakaupitisha juu ya bega lake kutoka pembe hii hadi ile. Mheshimiwa Zongo akatazama paa, akatazama madirisha, akaandika kitu kwenye kioo chake.

Ndipo ikasikika kutoka ndani sauti nzito, nusu nusu, inayojikokota.

"Karibu!"

Dereva wa tingatinga akazima mashine.

"Karibu!" Sauti ikawa kubwa zaidi. "Karibuni ndani! Mimi nipo!"

Mheshimiwa Zongo aliinua kidole akasikiliza kwa makini, na kwa kweli nilidhani yamekwisha. Kisha akatikisa kichwa kama mwalimu.

"Mnasikia?" aliwaambia vijana wake. "Nyumba tupu huwa na mwangwi."

Akampungia dereva mkono. Mashine ikawaka. Hapo kinyozi na mafundi baiskeli wakaruka ukuta wa uani, wakamtoa Mzee Kombo kwa dirisha la nyuma, ndani ya shuka lake, wakati mbele kunabomoka. Bi. Sikudhani hakutoka mpaka nguzo moja ilipotikisika chini ya mkono wake. Kitanda hakikutoka. Mimi nilibaki nimeshika ncha ya utepe, kwa kuwa kijana mmoja alinipa nimshikie na hakurudi kuuchukua.

Siku hiyo ilikuwa ya nyumba ile. Siku zilizofuata zilikuwa za nyumba nyingine, kwa sababu sote tuliitikia mahali pale pale. Ya kwangu ilibomolewa kwa heshima, wakaniacha nitoe kiti. Viwanja vilikabidhiwa kwa wanaoitikia vizuri zaidi, na hivi sasa pale palipokuwa kwa Mzee Kombo kuna geti peke yake, limesimama bila nyumba, linaitikia kila zamu.

Nasi tukasindikizwa kwenye makazi yetu. Kila familia ilitafuta nafasi kati ya kaburi na kaburi, mtu akijitahidi kukaa karibu na wa kwao. Mzee Kombo alipolazwa chini ya mnara aliangalia juu akasema, "Niliwaambia mke wangu na dunia nzima kwamba huku nitaletwa mara moja tu." Tangu hapo haongei sana. Bi. Sikudhani anamkinga jua kwa kanga moja, na akikutazama ni afadhali uangalie kwingine.

Lakini haki isemwe: mtandao uko vizuri mno! Sikuwahi kuona mtandao wa namna hii. Kiongozi Mkuu ametangaza kwamba nchi yetu ndiyo ya kwanza duniani ambayo kila kaya, nasema kila kaya, inaishi mahali penye mtandao. Tuliisikiliza hotuba moja kwa moja, bila kiduara, tumeketi juu ya makaburi. Kwa simu ya umma tunatazama Mlimani wanakula nini. Tumeona sherehe ya kuzaliwa ya yule mbwa. Watoto wakilia njaa tunawaonyesha keki yake na wananyamaza kidogo.

Jana ukaingia ujumbe wa Idara. "Wakazi wa makaburini wanakumbushwa kwamba, kwa mujibu wa kanuni za eneo lenu, makazi yanayoruhusiwa ni ya chini ya ardhi. Wakazi wanaoishi juu wanakiuka kanuni. Serikali, kwa kuwajali, italeta mtambo wa kuwasaidia." Niliwasomea watu kwa sauti. Nikawaeleza kwamba lazima kuna ufafanuzi, pengine watatujengea vyumba vya chini vyenye ubaridi, maana jua huku ni kali. Hakuna aliyeniuliza swali. Hata Bi. Sikudhani hakunyoosha mkono, na jambo hilo, sijui kwa nini, lilinikosesha raha.

Leo tangu asubuhi tingatinga linapanda kilima. Tunalisikia, na safari hii si moja tu. Nawaandikia kwa simu hii ya umma ili muone kwamba hali ni shwari.

Simu imelia sasa hivi. "Hodi!"

"Feruzi," anasema Mzee Kombo. Maneno yametoka mazima. "Usiitikie."

"Mzee, hii ni ya Serikali."

"Usiitikie. Hodi tatu zikipita, mgeni mwenye adabu huondoka."

"Na asiye na adabu?"

"Huyo ataingia. Lakini isije ikasemwa kwamba tulimkaribisha."

Simu imelia ya pili. Watu wote wa Bondeni wamekaa kimya. Kina mama wamewaziba watoto midomo kwa viganja. Wote wananitazama, wengi hivi, na Bi. Sikudhani amenishika kifundo cha mkono. Mkono wake una baridi. Mashine zimefika ukutani, na ukuta wa makaburi haukujengwa na Kombo.

Imelia ya tatu. Nami, ndugu msomaji, si mtu wa kulalamika. Nimepewa dhamana, na nimeona kwa macho yangu yanayompata asiyeitikia. Nimeutoa mkono wangu kwenye wa Bi. Sikudhani, nikaangalia simu kwa macho yote mawili, nikabonyeza Karibu.

Imejibu palepale, bila kiduara.

"Ahsante, Feruzi. Bakini hapo hapo mlipo."